Ile barua ya Micheweni iko wapi?

Ukianza kazi katika ofisi ya Chake Chake inayohudumia wilaya zote nne za Pemba, huenda ukakabidhiwa kompyuta ambayo desktopu yake imejaa mafaili hadi ukutani. Usiguse kitu kwanza. Siku mbili tatu sikiliza watu wanaulizaje. Mkuu hasemi "nipe ile PDF", husema "nipe barua ya Micheweni, ile ya mwezi wa tatu." Folda zako zifuate swali hilo: mwaka wa fedha, kisha kazi, kisha wilaya. Kwa mfano: 2024-2025, ndani yake Skuli, ndani yake Micheweni. Ngazi tatu zinatosha. Mwaka uandikwe hivyo kwa sababu mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukiandika 2025 peke yake, ripoti ya robo ya kwanza na ya nne zitakuchanganya.

Kazi kubwa lakini iko kwenye majina ya mafaili, na hapo ndipo wengi huharibu. Kompyuta hupanga kwa alfabeti, haijui kalenda. Ukizipa folda majina ya miezi, Agosti itatangulia, ifuate Aprili, halafu Desemba, na Januari utaikuta ya tano. Anza na tarehe kwa tarakimu, mwaka mbele: 2025-03-14 Barua Micheweni madawati. Mwezi uwe 03, si 3, maana baadhi ya programu huweka 10 kabla ya 2.

Namba ya kumbukumbu kutoka masjala ina mikwaju (/), na Windows haikubali mkwaju katika jina la faili. Alama zinazokataliwa ni tisa: / \ : * ? " < > |. Weka kistari mahali pa mkwaju, na ofisi nzima ifanye vivyo hivyo, la sivyo mwenzako atatafuta kwa nukta na hapati kitu.

Maneno "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho mpya" yapige marufuku. Rasimu ziwe v1, v2, v3. Iliyotiwa saini na kuskaniwa iandikwe SAINI. Hiyo ndiyo inayotoka ofisini.

Majina yasiwe marefu kama khutba. Programu nyingi za Windows bado hukwama njia ya faili, yaani folda zote pamoja na jina lenyewe, inapofika herufi 260. Dalili yake ni faili linalofunguka vizuri kwenye kompyuta lakini likagoma kunakiliwa kwenda folda nyingine iliyo ndani zaidi.

Folda unazoingia kila siku zibofye kitufe cha kulia uzibandike upande wa kushoto wa dirisha la mafaili. Kitufe cha Windows pamoja na E hufungua dirisha hilo, Ctrl+Shift+N huunda folda, F2 hubadilisha jina.

Mafaili ya kazi yasikae desktopu. Kwa kawaida desktopu iko diski C, na fundi akiifuta C ili apige Windows upya, yanakwenda nayo. Kama kuna D, yaweke huko. Na unapohamishia kwenye flashi, nakili, usikate: umeme ukizimika katikati, la asili liwe bado lipo. Fungua nakala moja mbili uhakikishe ndipo uchomoe.