Kibanda cha chakula kinachosukumika juu ya mawe ya Goma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaanga sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na mandazi kando ya njia huko Birere, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nikitumia meza ya mbao na mbabula mbili, yaani majiko ya makaa. Kila jioni hunilazimu kumlipa kijana anibebee vyombo hadi nyumbani. Fundi wa kuchomelea vyuma ameniahidi kibanda cha bati chenye magurudumu manne madogo. Je, nimkubalie? Nataka kitu cha kudumu, tena kisichomaliza faida yangu kwa makala (makaa ya kupikia).

JIBU: Mama, tunakuomba usimlipe kwanza. Magurudumu madogo yanafaa sakafu ya saruji, lakini wewe unapita juu ya mawe ya volkano, katika mji ambao lava ya mlima Nyiragongo ilifunika sehemu yake ya katikati mwezi Januari 2002. Gurudumu dogo likitumbukia kati ya mawe mawili hukwama, na mwenye kusukuma hubaki kuinua mzigo badala ya kuuviringisha. Gurudumu kubwa, kama la pikipiki, huvuka pengo hilohilo bila shida.

Mfano bora unapishana nao kila siku njiani, nao ni chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo. Mbao zake ni za mkaratusi, magurudumu yake huvikwa mpira wa tairi kuukuu, na likivunjika hutengenezwa na seremala wa mtaani kwa msumeno na nyundo. Hata hivyo halisimami lenyewe, ilhali kibanda lazima kisimame imara wakati mafuta yanachemka. Kwa hiyo mwombe seremala wa chukudu akutengenezee fremu ya mbao yenye magurudumu mawili makubwa juu ya ekseli moja (mhimili wa magurudumu), miguu miwili ya kusimamia, na mikono ya kusukumia inayofika usawa wa kiuno chako. Mbao ziwe zimekauka vizuri, maana mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka unapokauka.

Kisha angalia mahali pa uzito, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Bidoni ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na ukiiweka juu, kibanda kitayumba kwenye kila jiwe; iweke chini kabisa, juu ya ekseli, pamoja na gunia la makala, na rafu ya juu uiachie sahani na chumvi. Vitu vizito vikikaa juu ya ekseli, mikono yako itabeba kidogo sana.

Kuhusu makala, moto unaouona ukiwaka pembeni mwa mbabula ya bati tupu ni fedha yako inayopashia hewa joto. Mbabula iliyotandikwa udongo wa kuchomwa kwa ndani huhifadhi joto, na ikiwa na mlango mdogo wa hewa unaofungika, unapunguza moto pindi wateja wanapopungua. Karai lizame kidogo ndani ya tundu la meza lisiteleze, na kati ya mbabula na mbao weka bati, ukiacha nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite. Kifuniko cha karai kiwe karibu daima, kwa sababu mafuta yakishika moto huzimwa kwa kufunikwa, kamwe si kwa maji. Makala yanayobaki jioni yafunike yafe, uyatumie kesho. Wala usiingize mbabula yenye moto katika chumba cha kulala, kwani hewa yake huua bila harufu.

Turubai liinamie nyuma ili mvua isimwagikie wateja. Bidoni ndogo yenye bomba la kunawia mikono isikose, na sambaza zilizokwisha kukaangwa zikae ndani ya kisanduku cha wavu, si kwenye beseni lililo wazi kwa nzi.

Ukihamia upande wa kuelekea mji wa Sake, usiegeshe kibanda katika bonde au shimo, hasa asubuhi mapema kabla upepo haujavuma, kwa kuwa mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini, hulala humo, nayo huzima moto na pumzi pia.

Patana na seremala umlipe sehemu ya mwisho baada ya wewe mwenyewe kukisukuma kibanda, kikiwa na bidoni iliyojaa, makala na karai lisilo na mafuta, kutoka mahali unapouzia hadi mlangoni kwako.