Ukaguzi wa moto Lamu uanze juu, kwenye makuti

Mwenye nyumba ya wageni hapa Lamu akisikia mkaguzi wa moto yuko njiani, hukimbilia mitungi ya kuzimia moto. Huipangusa vumbi, huitundika karibu na mlango, hubandika na karatasi ya kuonyesha njia ya kutokea. Nimesimamia nyumba za wageni Mkomani na Shela kwa miaka mingi na nimewapokea wakaguzi wa kila aina, wakali na wapole. Ushauri wangu kwa kila anayepokea wageni ni huu: kabla mkaguzi hajafika, panda ngazi mpaka juu kabisa, simama chini ya makuti, uanzie hapo.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa haziwaki. Boriti za mikoko ni nene, moto huchukua muda kuzishika. Makuti hayana subira hiyo. Wakati wa kaskazi yanakauka mpaka yanavunjika ukiyagusa, na kusi inapovuma kwa nguvu Julai na Agosti, cheche moja inavuka kichochoro na kutua kwenye paa la jirani kabla hujamaliza kupiga kelele. Palipo na wikio, kile chumba kinachokaa juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, moto hauhitaji hata upepo. Ndani ya vichochoro vya mji wa kale gari la zimamoto halipiti. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti kazi ya kuzima moto, na ni haki yetu kudai pampu na vijana waliofunzwa. Lakini zile dakika za mwanzo zitabaki kuwa zetu na majirani zetu.

Juu ndiko liliko jiko pia. Nyumba za kale zilikuwa na kidari cha meko, yaani mahali pa kupikia, huko huko juu, moshi upate kwenda zake. Leo wengi wetu tumeweka hapo jiko la gesi, na juu yake makuti. Jioni za Ramadhani, sambusa na viazi karai vikiwa motoni na kila mtu akikimbizana na adhana, ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi ya siku zote. Mafuta ya karai yakishika moto, usimwage maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja na kutanuka kama mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka juu. Juu ni wapi? Ni kwenye makuti. Zima gesi, funika karai kwa mfuniko wa chuma au blanketi la moto, uliache lilivyo mpaka lipoe. Usilibebe. Mpishi mpya nisiyemwona akifanya hivi kwa mikono yake, karai likiwa baridi, simwachii jiko.

Kuhusu gesi yenyewe, wengi hudhani ikivuja itapeperuka kwa kuwa tuko juu penye upepo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni, inakaa nyuma ya ukuta mfupi unaozunguka ghorofa ya juu, kisha inashuka ngazi kuelekea vyumba vya wageni. Mtungi ukae mahali ambapo hewa inapita chini, usawa wa sakafu, mbali na ngazi. Mpira wake upakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Palipovuja patatoa mapovu.

Umeme nao una mambo yake. Nimeona mara nyingi waya umefungwa kwa kamba kwenye nguzo za paa, unapenya katikati ya makuti kwenda kwenye taa. Panya wanaupenda, na jua na chumvi ya bahari vinaula ngozi yake. Waya wote wa juu upitishwe ndani ya paipu, taa ziwe za LED zisizochemka sana, soketi zisikae kwenye nguzo za paa, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya umeme. Karatasi yake ya kazi uiweke, mkaguzi ataiomba.

Sasa maji. Hapa ndipo nyumba nyingi zenye vyeti vizuri zinapokwama. Moto ukitokea unazima swichi kubwa ya umeme, na ukiizima, pampu ya maji nayo imekufa. Tangi lako liko juu, sawa na moto wenyewe, kwa hiyo mpira unaotoka humo unachuruzika tu. Ama uwe na pampu ndogo ya petroli kando ya kisima au birika, inayowashwa kila wiki ili isigome, ama uwe na mapipa ya maji juu yaliyojaa siku zote, na ndoo zake zisichukuliwe kufulia. Pembeni weka panga na upembo mrefu, ule mti wenye ndoana. Makuti yakianza kuwaka upande mmoja, kazi ya maana ni kukata kamba na kuvuta chini safu nzima mbele ya moto ili ukose njia. Mtungi wa poda wa kuzimia moto unatosha kwa moto mdogo wa jikoni au wa soketi. Paa likishashika, hauwezi kitu. Na hiyo mitungi ikagueni kila mwezi: mshale uwe kwenye kijani, pini isiwe imeganda kwa kutu. Hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma.

Kwenye karatasi mambo si mengi. Nyumba ya wageni yenye wafanyakazi ni mahali pa kazi. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka mtaalamu aliyeidhinishwa akague usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12, na mazoezi ya kutoka yafanywe angalau mara moja kwa mwaka. Weka daftari moja: tarehe, waliohudhuria, kilichogunduliwa, kilichorekebishwa. Mkaguzi akiona kasoro ya mwaka jana imeandikwa na kurekebishwa, mazungumzo yanakuwa ya watu wanaoaminiana.

Ugumu uko kwenye mlango. Nyumba ya kale ina mlango mmoja wa kuchonga, unafunguka kwa ndani, na huwezi kutoboa mwingine utakavyo, kwa kuwa mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na jengo la kale halibadilishwi bila kuzungumza na wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Wengine hukata tamaa hapa, na sioni sababu. Mwambie mkaguzi kinachowezekana: usiku mlango ufungwe kwa komeo la ndani ambalo mgeni analifungua bila kutafuta ufunguo, taa za betri ziwe kwenye ngazi, kitambua moshi kiwe kila ghorofa, na pawe na njia ya pili ya kuvukia paa la jirani. Hiyo ya mwisho huipati dukani. Unakwenda, unabisha hodi, unakaa na bwana au bi mwenye nyumba mkakubaliana ni wapi watu watapita, geti la juu halitafungwa, na yeye naye moto ukimpata atapita kwako. Mimi nimelifanya hili kila nyumba niliyosimamia, na hakuna jirani aliyenikatalia. Kadhalika mkubaliane mwaka wa kuezeka upya, ili safu za makuti zisiwe zinagusana na katikati pabaki mwanya wa ukuta au sakafu tupu. Fundi wa kuezeka aambiwe mapema, kabla hajaagiza makuti.