Vyuma vya goldi kwenye gitaa lako la umeme: kabla hujang'oa chochote, soma hapa

Wadau wa magitaa, hasa nyie mnaoishi mwambao kama mi hapa Tanga, leo naongea na wale wenye gitaa la umeme lenye vyuma vya rangi ya dhahabu, lile ambalo hata mtu aje na hela nzuri mwenyewe halitoi. Goldi imeanza kuchujuka, briji (kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa) ina madoa, pembeni kuna ukijani, na we kichwani ushaamua kung'oa kila kitu uweke vipya ving'ae. Subiri kwanza. Msimamo wangu ni kwamba chuma cha gitaa hakibadilishwi kwa sababu ya rangi, kinabadilishwa kikiacha kufanya kazi yake, na nimefika hapo kwa kulishughulikia gitaa la marehemu mjomba wangu ambalo nalithamini kuliko kitu chochote kilichomo ndani mwangu.

Ni jeusi, la Kijapani, umbo la Les Paul Custom. Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walilitoa la kwao mwaka 1954, jeusi na vyuma vyote goldi, alafu miaka ya 70 viwanda vya Japani vikatengeneza mengi tu ya kufanana nalo. Mjomba alilipigia solo kwenye madansi, jasho la ukumbini usiku kucha, na nyumba yenyewe iko Raskazone, ukifungua dirisha upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Weka hapo miaka yote ya kaskazi na kusi, utajua mwenyewe vyuma vilikuwa na hali gani.

Tuelewane kwanza goldi ni kitu gani. Dhahabu yenyewe haipati kutu. Kinachooza ni kilichoko chini yake, na chini yake mara nyingi kuna zinki ya kumimina (briji nyingi na mikia, yaani ile inayoshika ncha za nyuzi, ni hiyo) au brasi, juu yake wamepaka shaba, juu ya shaba nikeli, na juu kabisa ndo dhahabu ambayo kwenye vyuma vingi vya gitaa haifiki hata mikroni moja, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Tabaka jembamba hivo lina vitundu visivyoonekana kwa macho, chumvi ya hewani na ya jasho inapenya, inakula chini kwa chini, ndo unaona vile vipele vyeupe vya zinki au ukijani wa shaba vinatokeza juu. Alafu dhahabu ni laini, kiganja kinaifuta tu chenyewe. Angalia gitaa lolote la zamani la goldi, utakuta imeisha pale mkono unapolala, kwenye briji na kwenye mkia na ukingoni mwa kava za pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi), lakini funguo za kichwani za kukazia nyuzi bado zina rangi yake.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Sisi watu wa pwani tumekuzwa na ndimu na ukwaju, sinia la shaba likifubaa bibi anachukua ukwaju na majivu anasugua linang'aa, sasa kuna watu wanafanya hivohivo kwenye gitaa. Usithubutu. Sinia ni shaba tupu, ukisugua unatoa uchafu na chini kuna shaba nyingine. Briji ya goldi ukiisugua kwa majivu unatoa dhahabu yote kwa dakika chache, na ile asidi ya ndimu ikiingia kwenye vitundu inaanza kula zinki, wiki ijayo utaona vipele vimeongezeka. Brasso nayo hivohivo, ile inakwangua. Goldi inafutwa kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu au chenye unyevu kidogo tu, unakausha, basi.

Sasa kipi kibadilishwe? Kwenye gitaa la mjomba adui mkubwa hakuwa goldi kabisa, alikuwa zile skrubu ndogo za chuma. Briji ya aina hii ina sadoli sita, vile vipande vidogo ambavyo kila uzi unakaa juu ya chake, na kila sadoli ina skrubu yake ya kuisogeza mbele na nyuma ili noti iwe sawa ukipanda juu shingoni. Skrubu hizo zikishika kutu sadoli haisogei tena, gitaa likipigwa wazi liko sawa, ukifika freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingoni) linaimba uongo, na hakuna tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, itakayokuokoa. Hiyo ndo sababu halali ya kubadilisha briji. Sababu nyingine ni sadoli iliyochimbika mpaka uzi unazama na kutoa mlio wa nyuki, au stadi (ile nguzo ya skrubu inayobeba briji) iliyolegea inayofanya briji nzima iinamie mbele. Ufunguo unaoteleza, uzi unashuka katikati ya wimbo, huo nao badilisha. Lakini mkia uliofubaa tu? Kava ya pikapu yenye doa? Acha, hiyo ni historia ya mtu aliyekaa na hicho kitu.

Kabla ya kusema skrubu imekufa, weka tone dogo la mafuta ya kupenyeza kwa ncha ya kijiti, siyo kupuliza maana yatafika kwenye rangi na kwenye mbao, liache lilale mpaka kesho, alafu gusisha ncha ya moto ya solda kwenye kichwa cha skrubu sekunde chache, chuma kinatanuka na kutu inaachia. Kwangu nyingine ziliachia na nyingine zilikatika hapohapo, nikajua briji ndo basi.

Ukishajua unataka nini, pima kabla ya kununua, na hili ndo eneo watu wanapoteza hela, kwa sababu duka la mtandaoni linakuandikia "briji ya Les Paul" kama vile ni moja. Siyo moja. Zipo zenye stadi nyembamba zinazoingia moja kwa moja kwenye mbao, ndo mtindo wa mwanzo wa 1954, na zipo zenye bushi, kikombe cha chuma chenye thredi kilichogongwa ndani ya mbao, na stadi inaingia kwenye bushi, ambao ulikuja miaka ya 70. Alafu kuna suala la inchi na milimita: stadi za mkia za Gibson ya Marekani ni inchi 5/16 zenye thredi 24 kwa inchi, za Japani na Asia kwa kawaida ni M8 yenye thredi ya milimita 1.25. Ukizishika mkononi zinafanana kabisa, inchi 5/16 ni milimita 7.9 na kitu, na ndo hatari yake, itaingia mizunguko miwili ikaze, mtu anaongeza nguvu na spana, thredi ya bushi imekwisha. Stadi mpya inatakiwa izunguke kwa vidole. Ikigoma, toa.

Tafuta kalipa, kama huna nenda kwa fundi wa mashine yeyote pale Ngamiani akupimie. Pima umbali wa katikati ya stadi moja hadi katikati ya nyingine, kwenye briji nyingi ni kama milimita 74 na kwenye mkia ni 82, ila pima lako, usinunue kwa namba zangu. Funguo pima tundu la kichwani, za kisasa zinataka kama milimita 10 na za mtindo wa zamani zinataka chini ya 9, na uangalie skrubu za nyuma zinakaaje kwa sababu ufunguo wenye skrubu moja ya pembeni hautafunika matundu ya ule wenye skrubu mbili, na mi sikubali kutoboa matundu mapya kwenye gitaa la namna hii. Kama hakuna unaoingia bila kutoboa, endelea kutafuta.

Rangi sasa, maana najua ndo inayowauma. Kwa hewa yetu kromu ndo inadumu kuliko zote, huo ndo ukweli, na gitaa la kazi la kila wikiendi ningeliwekea kromu bila kufikiria mara mbili. Lakini kwa gitaa la mjomba niliweka briji ya nikeli, ya Gotoh wa Japani, na nawashauri wenye goldi iliyochakaa mfikirie hilo. Kumbuka matabaka niliyosema, chini ya dhahabu kuna nikeli, kwahiyo pale goldi ilipoisha rangi inayoonekana ni ya nikeli yenye ujoto fulani, briji mpya ya nikeli inakaa pale kama ilikuwepo siku zote. Kromu ina ubuluu, inajitenga. Na goldi mpya kabisa pembeni ya goldi ya miaka mingi inapiga kelele, zote mbili zinaonekana mbaya.

Nilienda pia kwa sonara kuuliza kama anaweza kuichovya upya ile ya zamani. Mzee mwenye subira sana, aliigeuza, akaniambia hii ni zinki, ili ichovywe lazima avue tabaka zote za zamani na asidi ya kuvulia itakula zinki yenyewe kabla hajamaliza, na hata ikifanikiwa goldi mpya bila nikeli nzuri chini yake itatoka haraka. Kipande cha brasi angekubali, cha zinki hapana. Namheshimu kwa hilo, angeweza kuchukua hela yangu. Tena aliniazima tupa zake ndogo za kuchongea, kwa sababu sadoli mpya zinakuja bila mifereji na lazima uichonge mwenyewe, kina kisizidi nusu ya unene wa uzi, upande wa kichwani ukae juu kidogo, nyuma uteremke.

Siku ya kazi yenyewe piga picha kwa simu kila hatua, pima nyuzi zimepanda kiasi gani juu ya freti ya 12 uandike, alafu legeza nyuzi taratibu zote kwa pamoja, usikate kwa mkasi zikiwa zimekaza maana shingo inashtuka. Tandika taulo juu ya gitaa kwanza, mkia nyuzi zikiisha unadondoka wenyewe na utachubua rangi. Bushi ikibidi itoke usiichokonoe na bisibisi pembeni, utapasua rangi na mbao: dondosha kipande kifupi cha bolti ndani ya tundu, rudisha stadi uzungushe, stadi ikigota pale chini inaanza kuisukuma bushi juu yenyewe, imenyooka, bila kuumiza kitu.

Kava za pikapu nasisitiza ziache. Zimelehemiwa sehemu mbili kwa chini, ukizitoa vibaya unakata waya mwembamba wa ndani na pikapu imekufa, na ukizirudisha bila nta zinaweza kuanza kupiga mluzi ukiongeza sauti. Kama lazima ubadilishe, pima umbali wa vichwa vya skrubu sita, cha kwanza hadi cha mwisho (mara nyingi ni milimita 49 hadi 50, nyingine 52) na usinunue kava ya brasi hata kama ni nafuu. Brasi inapitisha umeme vizuri sana, usumaku wa nyuzi unazalisha mikondo midogo ndani ya kava na mikondo hiyo inakula sauti ya juu. Chukua ile ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kwa mtu wa roki ya kelele labda hatasikia tofauti, ila sisi tuliokulia kwenye solo za Jamhuri Jazz na Atomic, bendi za zamani za hapa Tanga, ule mlio mwembamba unaokata juu ya rizimu na besi, ukiupoteza umepoteza nusu ya gitaa.

Vyuma vya zamani usitupe hata skrubu moja. Vifute, vikauke, weka kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye viatu, andika juu ni vya gitaa gani. Siku likienda kwa mtoto wako au kwa mnunuzi, viende pamoja nalo.

Ukishafunga nyuzi mpya, panga sadoli kwa tyuna: noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko ile ya kugusa uzi bila kubonyeza, rudisha sadoli nyuma, ikiwa chini isogeze mbele. Alafu kabla hujakaa kupiga, kuna waya wa ethi unaotoka kwenye bushi moja ya mkia kwenda nyuma ya poti ya volyumu (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti), na ukitoa bushi huo waya huwa unarudi ndani ya tundu. Weka mita, ncha moja kwenye mkia na nyingine kwenye nati ya jeki, isome imeunganika. Washa ampu, shika nyuzi: mngurumo unatakiwa upungue. Usipopungua, au ukiongezeka, waya haugusi, toa bushi uunyooshe. Na ukisikia umeme unakuchoma vidoleni zima palepale, tafuta fundi umeme aangalie ethi ya nyumba, nyumba nyingi za zamani huku kwetu hazina, na hapo tatizo haliko kwenye gitaa tena.