Kabla ya lebo, nionyeshe daftari

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye viwanda vidogo vya kufungasha chakula: dagaa, mawese, kahawa, asali. Wateja wa Dar es Salaam na wa nje wameanza kuuliza mzigo umetoka kwa nani na ulipatikanaje, na wasomaji wangu wamebabaika. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mlioniuliza jinsi ya kusajili jina la biashara, nendeni BRELA. Hilo nilishalimaliza.

Shikamoo. Tunafungasha dagaa hapa Ujiji, Kigoma. Supamaketi moja ya Dar inataka mzigo kila mwezi, mwaka mzima. Ziwa likifungwa tufanyeje? Tukikosa mara mbili mkataba unavunjika.

Marahaba. Mkataba huo ulipaswa kulitaja ziwa kabla ya kutaja bei. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolitumia: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Hakuna mtu wa Kigoma anayeweza kusema hakusikia. Mnunuzi wa Dar huenda hakusikia, na kumwambia ilikuwa kazi yako siku ile mlipokaa mezani.

Rudi kwake sasa, kabla hamjagombana. Mwambie miezi ya kufungwa mzigo utatoka ghalani, kwa dagaa walionunuliwa na kukaushwa ziwa likiwa wazi, na kwamba ili ujaze ghala unahitaji malipo ya awali. Akikataa kutoa malipo ya awali huku anataka mzigo wa kila mwezi, ujue anataka wewe ubebe hatari yote peke yako.

Ghala nalo lina masharti. Dagaa wa kukaushwa mchangani hawakai. Wana mchanga, wana unyevu chini, na mvua moja ikipiga wanaoza wakiwa wamelala. Wa kwenye chanja hupitiwa na hewa juu na chini, hukauka sawasawa na kuvumilia gunia. Walipe vizuri akina mama wanaokausha kwenye chanja, maana ubora wote unaojivunia kwenye pakiti yako umepita mikononi mwao.

Kisha fungua daftari. Tarehe ya kuvuliwa, jina la mwalo waliposhushwa, namba ya chombo, jina la aliyekausha, uzito wa wabichi, uzito wa wakavu. Inatakiwa kilo tatu hadi nne za wabichi kupata kilo moja ya wakavu. Daftari lako likionyesha kilo mbili kwa moja, ama mtu amekudanganya ama dagaa bado wana maji. Hesabu hiyo ndogo imeniokoa mara nyingi kuliko cheti chochote.

Zamani niliwahi kununua dagaa kwa niaba ya kampuni moja ya mjini. Meneja alinipigia simu katikati ya mbalamwezi akitaka tani mbili ndani ya siku tano. Nikamweleza kwamba wakati wa mwezi vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vimelala, kwa kuwa dagaa hufuata taa gizani na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Akasema hayo ni mambo ya wavuvi. Mtu wa namna hiyo ndiye anayezaa dagaa wa wizi. Amri anaitoa ofisini, na huku mwaloni mtu anatafuta mzigo popote ili asifukuzwe kazi. Katika miezi ya kufungwa, atakayekujia usiku na magunia ya bei rahisi usimuulize bei. Muulize walivuliwa lini na wapi, kisha uangalie atakavyojibu.

Naweza kuandika "Dagaa wa Kigoma" kama nimechanganya kidogo na wa Mwanza?

Hapana. Ni samaki wawili tofauti kabisa. Dagaa wetu ni wa ukoo wa sadini, wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine, na mama yeyote wa Kibirizi atakutenganishia gizani kwa vidole. Ukitaka kuuza wa Mwanza, wauze kwa jina lao. Ni chakula kizuri na hawana haja ya kuazima jina letu.

Unga wetu wa mhogo una alama ya TBS, Shirika la Viwango. Je, inatosha kumwonyesha mteja kwamba tunazalisha kwa njia endelevu?

Swali hili limeletwa tena, na tena na watu ambao hawakusoma jibu la kwanza. Alama ya TBS inahusu ubora na usalama wa bidhaa. Tangu 2019, usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, umehamia TBS, kwa hiyo alama hiyo ina uzito mkubwa na hongera kwa kuipata. Lakini mkaguzi anapopima unga wako hapimi msitu uliokatwa ili kupanda mhogo ule, wala hajui kama mkulima alilipwa. Pakiti inaweza kuwa safi kabisa na chanzo chake kiwe kichafu. Mteja anakuuliza juu ya chanzo. Mjibu juu ya chanzo.

Na maneno "asilia asilimia mia" kwenye lebo yaondoeni. Hayasemi lolote linaloweza kukaguliwa.

Mimi ni mchakataji wa mawese, Mwandiga. Mteja wa hoteli anasema hataki tena mawese kwa sababu "yanaua misitu". Nimjibu nini?

Kwanza, usimkasirikie. Amesikia habari za kweli, ila za mahali pengine. Huko Indonesia na Malaysia misitu mikubwa ilifyekwa kupisha mashamba ya michikichi ya makampuni, na dunia ikaanza kuyaogopa mawese yote. Sisi michikichi yetu mingi ni ya kaya, mingine imepandwa na mababu, imechanganyika na mihogo na migomba nyuma ya nyumba. Mawese ya Kigoma yamepikia maharage na kutengeneza sabuni miaka mingi kabla hoteli hiyo haijajengwa.

Lakini sitakupa jibu la kujitetea tu, kwa sababu mambo yamebadilika. Tangu 2018 serikali imelisukuma zao hili kwa nguvu, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya Tenera, yenye nyama nene na ganda jembamba la kokwa, inayotoa mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya zamani. Naliunga mkono zao hili kwa moyo wote. Nchi inanunua mafuta ya kula nje wakati ardhi ya kuyazalisha ipo hapa. Swali ninalouliza kila ninapopita ni moja: mche mpya unapandwa wapi? Ukipandwa badala ya mchikichi mzee, au kwenye shamba lililochoka, huo ni ushindi. Ukipandwa kwenye msitu uliofyekwa mwaka jana, mteja wako wa hoteli atakuwa amesema kweli, na sisi ndio tutakuwa tumemthibitishia.

Sokwe wengi wa mkoa huu na jirani zake hawaishi ndani ya hifadhi za Gombe wala Mahale. Wanaishi kwenye misitu ya vijiji na misitu ya wazi, ile ile ambayo watu huiita "pori tupu" wanapotafuta shamba. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya huku vilipanga matumizi ya ardhi yao, kazi iliyosukumwa sana na TACARE, mradi wa uhifadhi unaoshirikisha vijiji, ulioanza hapa Kigoma mwaka 1994. Kama kijiji unachonunua kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, nenda ofisi ya kijiji, uone ramani yake, uhakikishe mashamba ya wauzaji wako hayajaingia eneo la hifadhi ya kijiji. Piga picha ya ramani. Hiyo picha ndiyo ya kumpelekea mtu wa hoteli, pamoja na orodha ya wakulima wako na idadi ya michikichi ya kila mmoja.

Ongeza mambo mawili ambayo hakuuliza. Unachemsha kwa kuni gani? Mafuta yanayotoka kwenye shamba la haki na kuchemshwa kwa kuni za wizi hayajawa ya haki. Makapi ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, na maganda ya mise, kokwa zake, yanawaka vizuri, kwa nini yatupwe huku unalipia mzigo wa kuni? La pili, mkwezi wako akianguka, nani anamtibu? Michikichi ile mirefu ya zamani imevunja watu migongo, na sijaona lebo hata moja inayowataja.

Wamekuja watu wa kampuni na simu, wanapima shamba langu la kahawa huku Buhigwe. Wanasema ni sheria ya Ulaya. Ni kweli, au wanataka kuchukua ardhi?

Sheria ipo kweli. Ni ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2023, na inahusu kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Inataka bidhaa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na muuzaji aonyeshe shamba liko wapi. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, ila wanunuzi hawasubiri. Shamba la hekta nne kushuka chini linatosha nukta moja ya ramani. Kubwa zaidi ya hapo linazungushwa mpaka wote. Kahawa ya wakulima wengi wa kwenu ni ya nukta moja.

Nukta hiyo si hati na haihamishi ardhi ya mtu. Kwa hilo tulia.

Usilotulia nalo ni hili: vipimo vinabaki kwa nani? Kampuni ikipima mashamba mia tatu na kuondoka na taarifa zote kwenye simu zao, mwakani mnunuzi mwingine akija na bei nzuri hamtaweza kumuuzia, kwa sababu ushahidi wa mashamba yenu uko mfukoni mwa yule wa kwanza. Dai nakala. Kila mkulima apewe karatasi yenye nukta yake, na AMCOS, chama chenu cha ushirika, ibaki na orodha nzima. Wakikataa, wasipime. Semeni hivyo mkutanoni mkiwa wengi, maana mmoja mmoja watawazunguka.

Mifuko ya plastiki ya kufungashia unga bado inaruhusiwa?

Marufuku ya Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya chakula viliachwa, lakini viwe na maelezo ya bidhaa. Ule mfuko laini usio na maandishi usijifiche nao.

Nakusanya asali Sikonge, Tabora. Mnunuzi anakataa asali ya mizinga ya magome. Wazee wangu hawana mizinga mingine. Niwaache?

Usiwaache. Mnunuzi ana hoja: gome likibanduliwa kuuzunguka mti, mtundu au myombo ule unakufa, na mzinga wenyewe haudumu. Ila aelezwe pia upande wa pili. Katika mkoa ambao tumbaku inakula kuni na mkaa unakula kilichobaki, mzee mwenye mizinga mia porini ni mmoja wa watu wachache wenye sababu ya kuutaka msitu usimame. Mkimtoa sokoni, atalima tumbaku au atachoma mkaa.

Omba muda kwa maandishi. Kuanzia msimu huu pasitengenezwe mzinga mpya wa gome, iliyopo imalizie maisha yake, na kila msimu sehemu ya bei iende kwenye mizinga mipya. Mbao za mizinga hiyo nazo uliza zimetoka wapi, nisisikie tumemwokoa mtundu tukamkata mninga. Na hao wanaoleta asali kwenye madumu yaliyobeba viuatilifu vya shambani warudishe siku hiyo hiyo, hata wakiwa ndugu. Asali ipimwe maji: ikizidi asilimia 20 itachacha, na hakuna hadithi ya msitu itakayoiokoa.

Mimi ni tajiri wa vyombo, Katonga. Nimewakopesha wavuvi nyavu, injini na taa, kwa hiyo wananiuzia mimi kwa bei yangu. Mnunuzi wa nje anahoji mambo ya madeni. Deni linahusiana nini na mazingira?

Linahusiana sana, na nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, kwa sababu wenzako wengi hulificha.

Tazama mvuvi wako anavyohesabu usiku. Ana deni lisilo na tarehe ya mwisho. Bei unaipanga wewe, na huwa chini ya ile ya mwaloni. Ili apate cha kupeleka nyumbani baada ya kukatwa, lazima avue zaidi ya yule asiye na deni. Samaki wakipungua hapunguzi safari. Anaongeza taa, anakaza matundu ya wavu, na nimeona hata vyandarua vya kulalia vikiunganishwa kuwa nyavu. Ziwa likifungwa, deni halifungwi, basi anaingia usiku kwa kuiba. Anakamatwa yeye. Nyavu zinachomwa, na deni la nyavu zilizochomwa linabaki jina lake. Kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, na wavu haramu tunazilaani kila mkutano, nami nazilaani, lakini aliyezilipia huwa amekaa mstari wa mbele pamoja na wageni.

Ziwa lenyewe halina tena nafasi ya kubeba pupa hiyo. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na rutuba inayolisha dagaa haipandi vya kutosha. Wapo wanaoitumia habari hiyo kusema wavuvi hawana kosa, tuendelee. Mimi naisoma kinyume: kama uzazi umepungua kwa sababu ambayo hatuwezi kuizuia kutoka Kigoma, kile tunachoweza kukizuia kina thamani zaidi. Dagaa huishi takriban mwaka mmoja tu. Ukiwaacha wachanga leo, faida yake unaiona wewe mwenyewe msimu ujao.

Sikuambii uache kukopesha. Benki haitamkopesha mvuvi wa kipe, na bila wewe chombo hakitoki. Andika mkopo kwenye karatasi, kiasi na tarehe ya kuisha, nakala mbili. Bei ya siku isomwe mwaloni mbele ya BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, ukate deni lako kutoka kwenye bei hiyo na si kutoka kwenye bei ya kichwani mwako. Marejesho yasimame ziwa likifungwa. Atakayeleta dagaa wachanga wa wavu haramu usimpokee hata kama anadaiwa, na umwambie hivyo siku unapompa nyavu.

Mnunuzi wako wa nje hahitaji barua ndefu. Mpe nakala ya karatasi hizo na daftari la msimu mmoja. Ukishaziandaa, niletee na mimi nakala. Nitazisoma zote.