Tingatinga, Matisse na watoto wa miaka minne: kwa mwalimu mpya wa chekechea

Mwalimu mpya akiambiwa awafundishe watoto mitindo ya wachoraji maarufu, mara nyingi hutoa fotokopi za picha yenyewe, watoto wapake rangi ndani ya mistari. Tunakuomba sana uache. Mtindo wa mchoraji umo katika kile mkono wake ulichofanya: uligonga nukta, ulikata, ulimwaga. Mtoto wa miaka minne hawezi kuiga picha ya mtu mzima, ila kitendo cha mkono anakiweza, tena kwa furaha. Chagua mchoraji mmoja, kitendo kimoja, na kaa nacho wiki nzima.

Kwa shule za Arusha na Moshi, Tingatinga ndiye wa kuanza naye, kwa sababu picha za mtindo wake zimejaa kwenye maduka ya vinyago na watoto wengi wameshazipita njiani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na vijana waliojifunza kwake wakaendeleza. Picha nyingi za sasa zina wanyama na maua kila kona, na mtoto hajui aangalie wapi. Tafuta yenye mnyama mmoja mkubwa mbele ya rangi moja tupu. Rangi ya mafuta yenyewe usiilete darasani: ina harufu kali, na haitoki mkononi kwa maji.

Tengeneza ya kwako. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, kimoja cha maji. Maji yaingie kidogo kidogo huku ukikoroga, la sivyo utapata mabonge yanayoziba brashi. Gawanya kwenye vikopo vinne, kila kimoja na rangi yake ya chakula. Kiasi hicho kinatosha watoto kama kumi. Unga ni mweupe, kwa hiyo rangi hupauka. Ukitaka nyekundu iliyokolea, ongeza rangi, usiongeze maji. Ikipakwa nene kwenye karatasi nyepesi hupasuka ikikauka na kudondoka vipande, ndiyo maana tunapendelea boksi la dukani lililokatwa sentimita 30 kwa 30. Rangi ya chakula haitoki kirahisi kwenye sare. Nunua mashati makubwa ya mitumba, kwa mfano soko la Kiborloni, Moshi, uwavalishe vifungo vikiwa mgongoni.

Kazi yenyewe ni ya siku tatu, na ukiibana iwe siku moja itaharibika. Siku ya kwanza mtoto anajaza boksi lote rangi moja kwa kipande cha sponji. Siku ya pili anachora mnyama kwa chaki, kisha anamjaza rangi nyingine. Twiga akiwa na miguu sita, mwache na miguu yake sita. Siku ya tatu ni ya nukta, kwa vijiti vya pamba vya masikio. Kila kikopo kina kijiti chake ambacho hakihami. Vikianza kuhamahama, kabla ya uji wa saa nne vikopo vyote vitakuwa na rangi ya tope. Wafundishe kwa sauti: gusa, nyanyua, gusa, nyanyua. Mtoto anayesugua badala ya kugonga kwa kawaida ameshika kijiti kwa ngumi. Rekebisha mshiko kwanza, maneno baadaye.

Juni na Julai, wakati wa baridi na mawingu, boksi lililopakwa asubuhi linaweza kuwa bichi hadi kesho yake, na nukta zikiwekwa juu ya rangi mbichi husambaa zikapotea. Ligusie mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, bado lina maji. Usiliharakishe kwa kulianika kwenye jua kali, litajikunja.

Baada ya Tingatinga, mchukue Henri Matisse, Mfaransa ambaye baada ya upasuaji wa mwaka 1941 alidhoofika na hakuweza tena kusimama muda mrefu akichora. Akashika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akakata maumbo na kuelekeza yabandikwe wapi. Picha yake iitwayo Konokono, ya mwaka 1953, iliyoko London, ina karibu mita tatu kila upande, na yote ni vipande vikubwa vya rangi vilivyozungushwa. Msimu wa mvua, mlete konokono wa bustanini kwenye sahani, watoto wafuate mzunguko wa gamba kwa kidole hewani kabla ya kugusa karatasi, kisha mrudishe alikotoka na wote wanawe mikono kwa sabuni.

Nao wapake karatasi zao leo, wakate kesho kutwa. Wa miaka mitatu wachane kwa vidole. Mkasi kwao ni mateso. Wa miaka minne na mitano, mkono wa mkasi utulie na mkono wa pili ndio uzungushe karatasi. Wengi hubandika kila kipande palepale kilipokatwa, wakakosa nafasi ya kufikiri, kwa hiyo ficha gundi mpaka kila mtoto awe amepanga na kupangua vipande vyake angalau mara mbili. Gundi ni vijiko viwili vya unga wa ngano katika kikombe cha maji, ichemshwe hadi iwe nzito. Siku ya pili huanza kuchacha.

Piet Mondrian, mchoraji Mholanzi, ni rahisi: tepu nyeusi ya fundi umeme kwa mistari, halafu nyekundu, bluu na njano katika baadhi ya vyumba vilivyo kati ya mistari. Sisitiza kwamba vyumba vingine vibaki vyeupe, maana watoto watajaza vyote.

Jackson Pollock, mchoraji Mmarekani, alitandaza turubai sakafuni na kudondosha rangi kutoka juu. Hii ifanyieni nje, kwenye nyasi, watoto wanne kwa zamu. Nyanyua rangi kwa kijiko: ikidondoka kama uzi usiokatika, iko sawa; ikidondoka kwa mabonge, ongeza kijiko cha maji.

Ukionyesha picha ya mchoraji, usiulize "hii ni nini?" Uliza mkono wake ulifanya nini, na waache waonyeshe kwa mikono yao. Wazazi wakikaribia kuja, utatamani kunyoosha jicho la tembo au kuongeza nukta mbili. Usiguse. Jina la mtoto na tarehe viandikwe nyuma ya boksi kabla halijapakwa, kwa kalamu ya wino mzito, kwa kuwa penseli haionekani vizuri kwenye boksi la kahawia.