Unataka kufungua ofisi ya uwakili Arusha? Anza na hela ya mteja

Vijana wanaotoka Law School pale Dar, wakishaapishwa tu na Jaji Mkuu wananitafuta na swali ni lilelile, niwe na mtaji kiasi gani nifungue ofisi yangu Arusha. Wengine wameshaona na chumba kabisa mjini karibu na mnara wa saa. Mi nawajibu hivi: msomi, chumba na meza utapata tu, niambie kwanza hela ya mteja utaiweka wapi na nani ataiandika. Nimeona ofisi za watu wakali kweli kweli mahakamani zikifungwa, na tatizo halikuwa sheria, ni hela.

Chukua hili ambalo litakukuta mapema sana. Mzee wa Ngaramtoni anauza kiwanja, mnunuzi hamwamini, wanakubaliana wakili ashike hela mpaka uhamisho ukamilike. Hela imeingia, na wiki hiyohiyo mwenye nyumba anapiga simu anataka kodi ya miezi sita, karani hajalipwa, na kuna mteja mwingine anakuahidi ada Ijumaa. Kichwani inakuja sauti inasema chukua kidogo Ijumaa utarudisha. Usiguse jamani! Ijumaa yule mteja hatokei, mzee anakuja na mwanae kudai chake, na malalamiko yakifika Kamati ya Mawakili unaweza kufutwa kwenye orodha ukabaki na degree yako nyumbani. Fungua akaunti mbili kabla hujapokea faili la kwanza, ya wateja na ya ofisi. Hela ikiingia toa risiti, ikitoka iwe na vocha na saini, hata kama ofisini uko peke yako na karani mmoja.

Halafu ada. Hapa kwetu mteja anapenda kusema "wakili we fanya, tutaelewana", na wewe kwa sababu unaitaka kazi unakubali, na huko mbele hamuelewani kamwe. Andika. Mimi mama akija na mirathi ya mumewe kutoka Marangu, kuna kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, na watoto wa nyumba mbili, namwambia wazi kabla sijafungua faili: "Mama, ada hii inatufikisha msimamizi anapoteuliwa. Ndugu wakileta pingamizi tutakaa tena tuongee, na nauli ya Moshi iko pembeni." Namwandikia kwa Kiswahili rahisi, anasaini, anaondoka na nakala yake. Shemeji akileta pingamizi, na kwenye mirathi ya vihamba huwa linaletwa, tunatoa ile karatasi, tunakaa tena bila kununiana. Wakili anayeona aibu kutaja bei mwanzoni ndio huyohuyo ataacha kupokea simu za mteja mwishoni.

Kuhusu kazi zenyewe, usidanganywe na sifa ya mji. Ni kweli tuna Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na ni vizuri ukajifunza taratibu zake, ila ofisi changa inaishi kwa vitu vya kawaida: viwanja, mirathi, mikataba, na kesi za kazi. Masika ikifika hoteli na kampuni za utalii zinapunguza watu, dereva anaachishwa kazi anazunguka kwa ndugu wiki tatu anaomba ushauri, akifika kwako amebakiza siku chache sana maana kulalamikia kuachishwa kazi kule CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ni ndani ya siku 30. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa Mahakama Kuu ni siku 45. Hizi siku ndio ofisi yenyewe. Wakili aliyenilea alikuwa hanywi chai asubuhi kabla hajafungua dayari pamoja na karani wakasoma tarehe zote kwa sauti, na tarehe ya mwisho ya kila faili ilikuwa kwenye dayari mbili, yake na ya karani. Ndio maana nasema kaa kwanza chini ya mtu mwenye utaratibu, hata mshahara ukiwa mdogo, ukae na karani ujifunze jinsi faili linavyotembea, sio kuvaa joho tu.

Bango usilipe uzito, maadili yetu hayaturuhusu kujitangaza kama duka, wateja wataletwa na wateja.

Na mkifungua wawili, hata kama mlisoma dawati moja, andikeni mkataba wa ubia kabla hamjaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kusajili jina. Msiishie kwenye kugawana faida, andikeni mmoja akiondoka mafaili yanabaki na nani, ile akaunti ya wateja nani anasaini, na mmoja akifariki nani anawapigia wateja wake simu wiki hiyo kuwaambia kesi zao zinatajwa lini.