Harufu ile si ya bahari: jibu kuhusu kuchemsha miguu ya kaa

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Uyole, Mbeya. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alininunulia kilo mbili za miguu ya kaa iliyogandishwa, myekundu, akaifunga kwa magazeti ndani ya boksi na kuipakia kwenye basi la alfajiri. Niliichukua kesho yake asubuhi ikiwa imelainika, imetoa maji na ina harufu inayochoma pua. Muuzaji alipopigiwa simu alisema kuwa hiyo ndiyo harufu ya bahari, ila sisi watu wa bara hatujaizoea. Jirani yangu alinishauri niiloweke kwenye maji ya ndimu, kisha niichemshe saa nzima kwa chumvi nyingi, kwa kuwa maji ya Mbeya hayafiki nyuzi 100. Harufu iliisha, lakini nyama ilimong'onyoka kama uji. Tulikula kidogo na hatukuumwa. Kilo moja nimeirudisha kwenye friza. Je, huku kwetu miguu ya kaa huchemshwa dakika ngapi?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Dakika nitakupa, nazo ni chache kuliko ulivyoambiwa. Miguu ya kaa iliyogandishwa ambayo tayari ni myekundu ilikwisha kupikwa kabla ya kugandishwa; ndivyo inavyofanyika kwa kaa wakubwa wa bahari za baridi, wale wa Alaska na Norway, ambao miguu yao mirefu ndiyo inayouzwa kwenye pakiti. Kazi ya nyumbani ni kuipasha moto tu. Iyeyushwe usiku kucha ndani ya jokofu, kisha itumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika sita au saba, basi. Kaa wetu wa mikoko akiwa mbichi ana gamba la kijani kilichokolea au la kahawia. Miguu yake huiva kwa dakika kumi hadi kumi na mbili tangu maji yachemke tena, na magando makubwa yanaweza kufika kumi na tano. Nyama iliyoiva huwa nyeupe isiyopenyeza mwanga, na huachana na gamba bila kung'ang'ania.

Jirani yako amesema kweli nusu. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 unazopanda maji hupungukiwa na karibu nyuzi moja ya kuchemkia, kwa hiyo sufuria yako huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini nyama ya kaa inahitaji kufika nyuzi 63 tu katikati yake ili iwe salama kuliwa. Nyuzi 94 zinatosha na kubaki, ndiyo maana katika dakika nilizokutajia nimeongeza mbili tu na siyo saa nzima. Chumvi nayo haikusaidii kupandisha moto: gramu 58 katika lita moja ya maji huongeza nyuzi moja peke yake, na ukitaka kuzirudisha zile sita zilizopungua itakubidi uweke chumvi karibu mara kumi ya ile iliyomo kwenye maji ya bahari. Chumvi ni ya ladha. Hata wekundu usikudanganye. Gamba hubadilika rangi kwa sababu joto huiachilia rangi nyekundu iliyokuwa imefungwa na protini, na jambo hilo hutokea kabla nyama ya ndani haijaiva. Na miguu iliyokuja ikiwa myekundu haikuambii lolote kuhusu hali yake ya leo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kila wiki, nalo ni hiyo kauli ya "harufu ya bahari". Nimefanya kazi ya kukagua samaki na viumbe wa baharini kwa miaka mingi, na ninasema bila kusita kwamba bahari hainuki hivyo. Kaa mzima ana harufu nyepesi ya maji ya chumvi, yenye utamu kidogo. Harufu inayochoma pua na kuleta machozi, inayofanana na mkojo uliolala, ni ya amonia, ambayo bakteria huitoa wanapovunja protini za nyama. Mtu wa Kilwa au Tanga angemrudishia muuzaji bidhaa hiyo papo hapo. Muuzaji anayetuambia sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe kwamba hatujaizoea bahari anatumia umbali wetu kutuuzia kilichooza, na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tunamwamini. Mama wa Uyole akiletewa mbasa wa Kyela aliyeharibika hahitaji mtaalamu. Atamwinua, atamnusa kwenye matamvua, atamrudisha. Pua ileile aliyoiamini kwa mbasa ameikana kwa kaa, kwa kuwa tu kaa ni mgeni.

Kisha inakuja ndimu. Watu wengi wanaamini kuwa ndimu "inaua" ubovu, na ushahidi wao ni kwamba harufu imekwisha. Wanafunzi wangu huwa ninawaonyesha hivi: ninachukua gando moja lililoharibika, ninaligawa katika bakuli mbili, na bakuli moja ninaikamulia ndimu mbili na kuifunika. Baada ya dakika chache wanaifunua na kunusa, na kweli harufu imepungua sana. Ndipo ninaponyunyizia magadi kidogo juu ya nyama hiyohiyo. Povu linapanda, na harufu inarudi kwa nguvu hadi walio mbele wanasogea nyuma. Haikuwa imekwenda popote. Asidi ya ndimu huibadilisha amonia na jamaa zake kuwa chumvi zisizoruka hewani, kwa hiyo pua haizipati. Magadi yanapoitangua asidi, huzifungua tena. Ndimu juu ya kaa mzima ni kiungo kizuri, nami huitumia. Juu ya kaa aliyeharibika inamnyima mlaji onyo la pekee alilokuwa nalo.

Na kuchemsha je? Kuchemsha huua bakteria walio wengi, lakini hakufuti kazi waliyokwisha kuifanya. Wapo, kama stafilokokasi ambao aghalabu hutoka kwenye mikono ya waliopakia, ambao huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo hustahimili nusu saa na zaidi ndani ya maji yanayochemka. Fikiria safari ya boksi lako. Ni zaidi ya kilomita 800, na kabla ya kupanda Kitonga na kuipata baridi ya Iringa limepita joto la Morogoro na Mikumi, kisha Ruaha Mbuyuni, ambako hata abiria aliyekaa dirishani hutafuta maji ya kunywa. Magazeti hayatunzi baridi kwa muda huo. Katika joto la namna hiyo baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, maana yake mmoja huwa zaidi ya 4,000 kwa saa nne, na boksi lako lilikaa njiani mchana kutwa, kisha likalala ofisi ya vifurushi usiku mzima. Kuhusu nyama kuwa kama uji, usijilaumu kwa saa ile ya kuchemsha. Nyama nzima ya kaa ikichemshwa kupita kiasi hukauka na kuwa na nyuzi ngumu. Inayomong'onyoka ilikwisha kuvunjika kabla haijaingia sufuriani.

Kwamba mlikula kidogo na hamkuumwa ninamshukuru Mungu, lakini sitakubali kuwa ni uthibitisho. Sumu haisambai sawasawa katika kila mguu, na kiasi kidogo kwa mtu mzima mwenye afya si sawa na sahani nzima kwa mtoto wa miaka mitatu au kwa mama mjamzito.

Ninawaona pia wale wanaouza mbinu za kuokoa nyama: kipande cha mkaa sufuriani, tangawizi iliyopondwa, pilipili nyingi, na baada ya watu kuumwa wanashauri maziwa "yavunje sumu". Maziwa hayavunji sumu ya chakula. Nimeona familia ikipoteza siku mbili kwa kunywesha maziwa mtoto aliyekuwa anatapika na kuharisha, hadi macho yakadidimia, wakati alichohitaji ni ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa) kidogo kidogo na kituo cha afya. Damu kwenye choo, homa kali, au mtu kushindwa kushusha hata maji ni sababu ya kuondoka nyumbani saa hiyohiyo. Vilevile wengi wa huku hula kaa kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, na midomo ikiwasha, ngozi ikitoa vipele au pumzi ikibana, huo ni mzio. Protini inayouleta haiharibiwi na kuchemsha, kwa hiyo aliyepatwa nao asijaribu tena kwa kuchemsha zaidi. Pumzi ikibana, hospitali mara moja.

Ukitaka kaa tena, mwambie mdogo wako atafute kaa hai wa mikoko, wa Rufiji, Kilwa au Tanga, waliofungwa magando. Kaa hao huishi siku kadhaa nje ya maji mradi matamvua yao yabaki na unyevu, hivyo awapange kwenye tenga, awafunike kwa gunia lililoloweshwa, na tenga likae mbali na injini. Akifika akiwa bado anasogeza miguu, mpike siku hiyohiyo. Akifika mbichi naye amekufa, usimpike, hata kama umeambiwa amekufa sasa hivi. Miguu iliyogandishwa isafiri ndani ya kasha la kutunza baridi lenye barafu ya kutosha, upokee usiku uleule basi linapoingia, na ukifungua ukute barafu bado ipo na miguu bado ni migumu. Kaa aliyeiva asirudishwe kamwe kwenye beseni au gunia alimokuwa mbichi. Hapo huokota upya bakteria uliokwisha kuwaua.

Ile kilo iliyo kwenye friza itoe leo. Kugandisha kumewalaza bakteria tu, na sumu iliyokwisha kutengenezwa imebaki ilivyo. Ifunge kwa mifuko miwili na uifukie shimoni kwa kina ambacho mbwa hawafikii, kisha uoshe rafu ya friza, beseni na ubao wa kukatia kwa maji ya moto na sabuni kabla hujaweka chakula kingine.